Mshale Mwekundu Mgongoni mwa Oveni

Siku mliyoniaga mlinikatia keki. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, jenereta mpya ya karakana ilikuwa ikinguruma nyuma ya ukuta, na kila aliyesimama kunisifu alilazimika kunisifu kwa kelele. Keki yenyewe, mliyoioka katika oveni ya karakana, ilikuwa imeungua pembe moja, na katikati ilikuwa mbichi kama udongo wa mfinyanzi. Niliila yote nikitabasamu. Mtu anayestaafu hupewa saa ya ukutani na hunyang'anywa haki ya kulalamika.

Baada ya keki, fundi mwenzenu Wekesa, ambaye kwa miaka sita amekuwa akibeba ngazi yangu kwa bega moja na maswali yake kwa lingine, aliniuliza mbele ya wote, "Mzee Diploma, ule mshale mwekundu tunaochora nyuma ya kila oveni, ni sheria ya Dubai ama ya Ulaya?"

Nilijibu, "Ya mbali." Mkapiga makofi.

Haukuwa uongo mtupu. Ukitoka mjini Kampala jioni, mtaa wa Kawempe ni mbali sana. Lakini nimekaa nyumbani wiki mbili sasa, saa yenu ya ukutani imeshasimama, na nimeona niwaandikie mshale huo ulitoka wapi. Nitaanza na mimi mwenyewe, maana hakuna anayenijua vizuri zaidi wala anayenisifu kwa bidii zaidi.

Niliondoka Kampala nikiwa na begi moja na shati la kuazima. Mombasa nilipata kazi ya kuosha masufuria katika jiko la hoteli, nikasoma ufundi wa umeme jioni, mikono ikiwa bado inanuka sabuni na samaki, hadi nikapata diploma. Hakuna mjomba aliyenipigia simu kwa mkubwa, wala mchungaji aliyeniandikia barua. Nilipoipata ile karatasi, nilitoa nakala, nikaifunika kwa plastiki, nikaibandika ndani ya kifuniko cha sanduku langu la vifaa. Kila nilipofungua kutafuta koleo, mteja alipata nafasi ya kusoma. Wengine walisoma mara mbili, kwa sababu nilifungua mara mbili.

Fundi mkuu wa hoteli ile alikuwa Mzee Omari, mtu mfupi aliyevaa kofia iliyodariziwa kwa mkono hata ndani ya chumba cha mitambo. Hakuwa na diploma. Nilimhurumia kwa hilo karibu siku tatu. Siku ya kwanza alinikabidhi oveni ya feni ya trei kumi na kunitaka niisafishe ndani kabla ya kuigusa kwa bisibisi. Niliona ananionea. Nilipofungua lile bati lenye matundu lililo mbele ya feni, nilikuta mafuta ya miaka yameganda kwenye mapanga yake, na koili ya moto inayoizunguka imefunikwa masizi. Oveni ile ilikuwa imeandikiwa kununuliwa feni mpya. Niliisugua, ikapona. Somo la kwanza la kazi hii, vijana wangu, lilikuwa kitambaa na maji ya moto, na halikuwemo kwenye mtihani.

Somo la pili lilihusu nyaya. Aliniona naunganisha mota ya fazi tatu kwa kufuata rangi: nyekundu kwa nyekundu, njano kwa njano, buluu kwa buluu, nadhifu kama kitabu. Akasubiri nimalize.

"Umeunganisha vizuri," akasema. "Sasa inazunguka wapi?"

"Itazunguka inavyotakiwa, Mzee. Nimefuata rangi."

"Rangi ni nguo tu, mwanangu. Nguo haikwambii tabia ya mtu. Washa, uangalie kwa macho."

Niliwasha. Ilikuwa inazunguka inavyotakiwa. Nikamtazama kwa ushindi. Yeye akasema, "Leo," akaenda kuswali.

Baada ya hapo nilifanya kazi Dubai, ambako majiko ni safi kuliko hospitali na wapishi hulia chooni. Kisha nikarudi nyumbani. Aliyerudi kutoka nje mnamjua: hunywa maji ya chupa, hushangaa vumbi alilozaliwa ndani yake, na kila sentensi yake huanza na "Kule kwetu." Mimi nilikuwa huyo, tena wa daraja la kwanza. Lakini pia nilikuwa najua kazi, na hilo halikuwa la kawaida.

Kampala wakati ule ilikuwa inanunua oveni za feni kama watu wanavyonunua viatu vya harusi, bila kupima. Hoteli moja iliiweka oveni bega kwa bega na friza, kisha ikashangaa vyote viwili vinaugua. Mwenye mkahawa mmoja aliiosha ndani kwa mpira wa bustani, akaniita kwa hasira kuniambia kwamba nilimuuzia mashine isiyopenda maji. Niliwafundisha wote. Acheni nafasi nyuma na pembeni, mashine inapumua. Weka pimamaji juu ya trei ya katikati, si juu ya paa la oveni, kwa sababu keki hailali kwenye paa. Iwashe tupu mara ya kwanza hadi harufu ya mafuta ya kiwandani iishe, milango ya jikoni ikiwa wazi. Bana karatasi kwenye mlango, uivute. Ikitoka bila kusumbua, mpira wa mlango umekufa na unapasha moto mtaa. Haya yote mnayajua kwa sababu niliyasema hadi mkawa mnanikwepa.

Nilikuwa katika kilele hicho cha hekima nilipokutana na Mama Neema.

Alikuwa Mkongomani aliyekimbia kutoka Bukavu na watoto wanne, akaanza kuoka mikate Kawempe katika tanuri la udongo nyuma ya chumba chake. Mikate yake ilikuwa mizuri kiasi kwamba shule moja ya bweni ya Kibuli ilimpa kazi ya kupeleka mkate wa asubuhi wa wanafunzi wote. Tanuri la udongo halingetosha. Aliuza cherehani zake mbili na kila kitu chenye bei, akanunua oveni ya feni iliyotumika, ya mtindo wa zamani, ambayo feni yake huzunguka upande mmoja tu. Na kwa kuwa Kawempe umeme huondoka jioni bila kuaga, akanunua na jenereta ya fazi tatu ambayo nyaya zake za ndani zilikwisha kusukwa upya na fundi asiyejulikana. Kazi ya kufunga vyote akanipa mimi, kwa sababu alisikia kwamba nina diploma. Nadhani alisikia kutoka kwangu.

Nilifunga vizuri. Nafasi ya ukuta, pimamaji, kila kitu. Niliweka swichi ya kugeuzia ili oveni itumie umeme wa mji ukiwapo na jenereta ukiondoka. Niliwasha kwa umeme wa mji, nikatazama feni, sawa. Nikawasha jenereta. Feni ikavuma, taa ikawaka, kipimajoto kikapanda taratibu hadi mia na themanini. Jenereta niliiunganisha kwa kufuata rangi. Sikutazama inazunguka wapi. Nilikuwa nawahi uzinduzi wa jiko la hoteli mjini, ambako kungekuwa na mpiga picha, na nilikuwa nimevaa shati jipya ndani ya ovaroli.

Wiki ya pili Mama Neema alinipigia simu.

"Papa Fundi, hii oveni iko na siku zake. Siku ingine mukate inatoka muzuri, siku ingine inatoka kama mugonjwa. Pembe inaungua, katikati haiive."

"Mama, oveni si mtu. Haina siku zake."

"Basi kuja uone."

Nilienda asubuhi, umeme wa mji upo. Nikaingiza kipimajoto changu cha Dubai, nikapima pembe zote nne. Sawasawa kabisa. Nikamweleza, kwa upole wa daktari anayezungumza na mgonjwa aliyejitibu kwa majani, kwamba tatizo ni unga wake. Wiki iliyofuata akapiga tena. Nikaenda tena asubuhi. Sawasawa tena. Nikamwambia tatizo ni hamira. Nilikuwa tayari, ikibidi, kulaumu maji, hali ya hewa na wanawake wawili waliomsaidia kukanda.

Safari hiyo alikuwa amenipangia kitu mezani: trei mbili zenye vipande vya mkate mweupe vilivyopangwa safu. Bukavu, alisema, mama yake alikuwa haamini tanuri lolote kabla ya kuliuliza. Unapanga vipande vya mkate kila mahali, unavichoma kidogo, kisha unasoma. Palipo na weusi, moto umekaa. Palipo peupe, moto haukufika. Trei moja ilikuwa ya kahawia kote, nzuri kama ngozi ya mtoto. Nyingine ilikuwa na pembe nyeusi na uwanja mweupe katikati.

"Hii ni ya umeme ya muji," akasema. "Hii ya jenereta. Nimefanya mara ine. Kila mara njo hivi."

Nilitazama zile trei. Nataka mjue kwamba nilizitazama. Jibu zima lilikuwa pale, limeandikwa kwa mkate, na mimi nilikuwa mtu pekee ndani ya chumba kile aliyesomea kulisoma. Nikacheka.

"Mama, mkate haujui umeme unatoka wapi."

Alivikusanya vile vipande, akavifunga kwenye kitambaa. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa ameniambia kabla. Shule ilikuwa imemrudishia mikate mara mbili. Hajati aliyesimamia chakula pale Kibuli alimwambia kwamba mara ya tatu itakuwa ya mwisho, kazi atapewa mwingine. "Na mimi cherehani sina tena," akasema. "Tanuri ya udongo nilivunja, juu ya kuweka hii yako."

Niliondoka nikiwa na hakika yangu yote. Ilikuwa nzito kidogo kuliko nilivyokuja nayo, lakini niliibeba.

Siku tatu baadaye nilipita kwake jioni, saa kumi na moja hivi. Nitasema nilipita kwa bahati. Ukweli ni kwamba ile trei ya pili ilikuwa imenikosesha raha, na nilitaka kuwapo pale mkate ukitoka vibaya ili nimwonyeshe kwa macho kosa lake. Mikate ya Kibuli ilikuwa imeanza kuingia, trei sita ndani, nyingine zimeumuka zinasubiri. Nilikuwa katikati ya mhadhara wangu juu ya hamira umeme ulipokatika.

"Papa, nyamaza kwanza," Mama Neema akasema. "Weka jicho hapa."

Akaniinamisha kwenye kioo cha mlango kwa mkono wake wenye unga, akamulika kwa tochi ya simu. Kupitia matundu ya lile bati niliona mapanga ya feni yakipunguza mwendo, yakizunguka kulia, kulia, kulia, hadi yakasimama. Mmoja wa wale wanawake akavuta kamba ya jenereta. Nikageuza swichi mwenyewe. Feni ikaanza polepole, kisha kwa kasi.

Kushoto.

Labda mnajua, labda hamjui, kwa hiyo nitasema wazi. Feni ya namna hii ikizunguka kinyume haisimami, haipigi kelele wala haiungui. Inavuma vilevile, lakini upepo wake ni dhaifu. Joto linakaa pembeni karibu na koili, katikati halifiki. Na kwa kuwa kihisi joto kiko kulekule pembeni, kipimajoto kinasoma mia na themanini kwa furaha kabisa, kama mlevi anayesema yuko sawa. Fundi wa jenereta alikuwa amesuka upya na kuvalisha nyaya rangi alizozipata. Nami, mwenye diploma, niliziamini nguo.

Nilizima kila kitu. Nilifungua swichi ya kugeuzia, nikazibadilisha nafasi nyaya mbili za upande wa jenereta, maana mota ya fazi tatu hugeuza mwendo nyaya mbili zikihamishana. Dakika kumi, pamoja na muda niliopoteza kufunga kifuniko cha sanduku langu ili ile karatasi isinitazame. Nikawasha. Feni ikaenda kulia. Trei sita za kwanza, zilizokaa nusu mbichi wakati nimezima, zilikuwa zimeharibika tayari. Zilizobaki zikatoka za kahawia kote.

Mama Neema alichukua mkate mmoja, akaugonga chini kwa kidole, akasikiliza. Kisha akanitazama.

"Kumbe mukate inajua," akasema.

Wale wanawake walicheka hadi mmoja akakaa juu ya gunia la unga.

Lakini mikate haikutosha, na unga wa kukanda mwingine haukuwapo. Trei sita ni bweni zima bila kifungua kinywa, na Hajati alikuwa ameshasema neno lake. Mama Neema alianza kupanga iliyopo kwenye makreti polepole, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Hakunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, nina uzoefu wa hilo. Nikajisikia nasema, "Asubuhi nitakuja nawe."

Tulipanda Kibuli kwa bodaboda mbili, moja ikiwa na makreti, moja ikiwa na sisi wawili na sanduku langu la vifaa, ambalo sijui nililibebea nini. Hajati alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alisimama mlangoni mwa jiko la shule, wapishi wake nyuma yake, akahesabu makreti kwa macho.

"Nyabo, nilikwambia nini?" akamuuliza Mama Neema.

Mama Neema alifungua mdomo. Nikawahi mimi. "Hajati, kosa si la mwokaji. Kosa ni la fundi."

"Fundi gani?"

"Mimi."

Alivaa miwani. "Wewe ndio ule wa dipuloma?"

"Ndiyo, Hajati."

"Ule aliyesema unga ya huyu mama ni mbaya? Yeye alikuja hapa akaniomba musamaha ya unga, ssebo. Akabadilisha unga mara mbili juu yako."

Hilo sikulijua. Nilitazama sakafu, ambayo ilikuwa imepigwa deki vizuri.

"Sema tena, wapishi wasikie."

Nikasema tena. Niliunganisha jenereta bila kutazama feni inazunguka wapi. Unga ulikuwa mzuri. Hamira ilikuwa nzuri. Mpishi mmoja aliuliza kama diploma inaweza kurudishwa dukani. Hajati hakucheka. Alikata mkate mmoja kwa mkono, akatazama ndani, akala kipande akisimama.

"Kale," akasema, yaani sawa. "Leo watoto watakula nusu nusu na uji mingi. Kesho nataka yote. Na wewe, kwa sababu umebeba sanduku, jiko langu la mvuke limekufa tangu muhula uliopita. Ingia."

Niliingia. Nililitengeneza hadi adhuhuri, na feni yake ya kutolea moshi niliitazama kwa macho, mara mbili, inazunguka wapi. Kazi ilibaki kwa Mama Neema, na iko kwake hadi leo, ingawa oveni sasa ni tatu.

Nilirudi kwake siku iliyofuata kukagua. Nilimkuta nyuma ya oveni ameinama, ana chupa ndogo ya rangi ya kucha, ile nyekundu anayopaka Jumapili akienda kanisani. Alikuwa anachora mshale kwenye bati, juu kidogo ya mota, ukielekea upande ambao feni inapaswa kuzunguka. Rangi ya kucha haitoki kwa mafuta wala kwa moto mdogo wa nyuma, aliniambia, ameshaijaribu kwenye sufuria.

"Wa nini huo?" nikamuuliza.

"Ili hata mwenye diploma aone."

Alinipa chupa iliyobaki. Niliiweka kwenye sanduku. Oveni iliyofuata nikachora mshale, na iliyofuata, na nilipofungua karakana hii nikawafundisha nyinyi. Wa kwanza wenu aliponiuliza mshale umetoka wapi, nilisema ni utaratibu wa kule nje. Alivutiwa sana. Uongo ukishavutia watu, hujilisha wenyewe. Sasa mnajua: si wa Dubai. Umetoka Kawempe, kwa mkono wa mwanamke aliyeuliza oveni kwa mkate mara nne, wakati mimi nilikuwa nauliza karatasi yangu.

Sanduku langu nimeliacha juu ya benchi. Chupa imo, ya nane au ya tisa tangu ile ya Mama Neema, na Wekesa aitunze. Ile nakala ya diploma pia imo. Msiibandue, nimeihangaikia.

Na sasa turudi kwenye keki yenu. Pembe nyeusi, katikati mbichi, jenereta mpya inanguruma nyuma ya ukuta. Nyuma ya oveni ya karakana kuna mshale mwekundu nilioupita nikienda kunawa mikono, umechorwa vizuri, umenyooka kuliko wangu. Nilisimama pale kidogo nikiwasubiri mje muulinganishe na feni. Mlikuwa mnapiga picha.

Keki ilijua umeme unatoka wapi. Nilidhani na nyinyi mnajua.